Utani na Mtu wa Tatu: Mipaka ya Kejeli katika Nyimbo za Mashabiki wa Kandanda

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi ya miji ya kisasa, nyimbo za mashabiki wa kandanda hazijapewa na wahakiki uzito unaostahili. Nyimbo hizi hutungwa na watu wasiojulikana, hupokezanwa kwa mdomo, hubadilishwa maneno kulingana na tukio, na huimbwa na umma ambao wenyewe ndio fanani na ndio hadhira. Sifa ambazo mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa kuzitafuta zimo ndani yake zote. Hata hivyo, humo humo mna swali la kimaadili ambalo uchambuzi wa fani peke yake hauwezi kulijibu. Je, shabiki anayeimba wimbo unaowadhalilisha wapenzi wa jinsia moja, kisha akajitetea kwamba huo ulikuwa utani tu, ana haki ya kujikinga kwa neno hilo?

Makala haya yanachunguza utetezi huo. Mifano mikuu imechukuliwa kutoka Uingereza na Meksiko, kwa kuwa huko ndiko suala hili lilikofikishwa mbele ya vyombo vya sheria na vya soka, na hoja za pande zote zikabainishwa. Kipimo kinachotumiwa, lakini, ni dhana ya utani kama inavyoeleweka katika Afrika Mashariki. Shabiki wa Uingereza hujitetea kwa neno la lugha yake ambalo humaanisha mzaha wa kirafiki, na ambalo halina masharti yanayofahamika. Utani, kwa upande wake, ni taasisi yenye masharti. Inadaiwa hapa kwamba neno hilo likichukuliwa kwa uzito wake kamili, halimtetei mwimbaji bali linamshtaki.

2.0 Utani kama Mkataba

Radcliffe-Brown (1940) aliufafanua utani kuwa uhusiano baina ya pande mbili ambapo upande mmoja huruhusiwa kwa mila, na mara nyingine hulazimika, kuufanyia mzaha upande wa pili, nao upande huo hutakiwa usikasirike. Moreau (1944), aliyechunguza utani wa makabila ya Tanganyika, alionyesha jinsi mahusiano hayo yalivyofungamana na historia ya vita na ya misafara ya biashara. Waliopigana zamani, au waliopitiana nchi zao wakiwa safarini, waliugeuza uhasama kuwa mzaha. Utani, kwa hiyo, haukuzuka kwa sababu watu walipenda kucheka. Ulikuwa njia ya kuishi pamoja na mtu ambaye pengine angekuwa adui.

Katika uhusiano huu yapo masharti matatu ambayo yanastahili kutajwa wazi. Kwanza, watani hujuana. Mtu hamtanii kila apitaye njiani. Humtania yule ambaye mila imempa. Pili, kila upande una haki ya kujibu. Babu humwita mjukuu wake mke, naye mjukuu humjibu kwamba hataki mume asiye na meno. Asipojibu, mzaha huwa haujakamilika. Tatu, utani una wajibu. Mtani anayetukana leo ndiye atakayeshughulika kesho msibani, na katika jamii nyingi za Tanzania ana nafasi yake maalumu mazishini. Ruhusa ya kudhihaki na wajibu wa kuzika haviwezi kutenganishwa.

Ushairi wa Kiswahili unaijua kanuni hiyo. Katika malumbano baina ya washairi wa Mombasa na wa Lamu enzi za Muyaka bin Haji, maneno yalikuwa makali, lakini kila shairi lilitungwa kwa kutarajia jibu. Hali kadhalika, katika mipasho ya taarabu anayepigwa kijembe huenda asitajwe jina, ila yeye mwenyewe hujua na wenzake hujua, na uwanja wa kujibu huwa uko wazi kwake.

Soka ya Afrika Mashariki imejichukulia msamiati wake kutoka katika taasisi hii hii. Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, na Simba, iliyoasisiwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi. Nchini Kenya, pambano la Gor Mahia na AFC Leopards hujulikana kama pambano la mashemeji, kwa kuwa mashabiki wa asili wa timu hizo walitoka katika jamii za Waluo na Waluhya, ambazo zimeoana tangu zamani. Majina hayo si mapambo ya watangazaji. Yanakiri kwamba anayezomewa jioni ya leo ni ndugu wa mke au mume wa mtu aliyeketi upande huu, na kwamba pana nyumba ambamo pande zote mbili zitakutana mechi ikiisha.

3.0 Uwanja na Kicheko cha Umma

Anayetaka kuzitetea nyimbo za uwanjani anaweza kumtegemea Bakhtin. Katika kitabu chake juu ya Rabelais, kilichochapishwa mwaka 1965, Bakhtin alieleza kwamba katika kanivali daraja za kawaida hupinduliwa kwa muda, lugha ya matusi hupata uhuru, na kilicho juu hushushwa chini. Uwanja wa mpira una dalili nyingi za kanivali. Mtumishi humzomea mchezaji tajiri. Karani mpole hupaza sauti ambayo ofisini hangethubutu kuitoa. Kwa mujibu wa mtazamo huu, anayedai adabu uwanjani ni kama anayedai kimya ngomani.

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa. Lakini Bakhtin mwenyewe aliiwekea kicheko cha kanivali sifa moja ambayo watetezi hawa huisahau: kicheko hicho humwelekea kila mtu, pamoja na yule anayecheka. Mchekaji hajitoi nje ya dunia anayoicheka. Isitoshe, kanivali hushusha kilicho juu. Wimbo unaomdhalilisha mpenzi wa jinsia moja hutenda kinyume cha mambo yote mawili. Waimbaji hujitenga na wanayemcheka, kwani nia nzima ya wimbo ni kutangaza kwamba wao si kama yeye. Tena hawamshushi aliye juu, bali humkanyaga ambaye hata nje ya uwanja amekwisha kukanyagwa. Mbinu za kanivali zimo, ila mwelekeo wake umegeuzwa.

4.0 Hoja ya Muktadha

Utetezi ambao mhakiki wa fasihi anapaswa kuujibu kwa makini zaidi ni ule wa muktadha. Kwa miaka mingi mashabiki wa timu ya taifa ya Meksiko wamekuwa na desturi ya kupiga ukelele wa neno moja wakati mlinda lango wa timu pinzani anapoupiga mpira kutoka golini. Katika Kihispania cha Meksiko neno hilo humaanisha mwoga, na pia ni tusi kwa mwanamume mpenzi wa jinsia moja. Ukelele huo uliposikika katika Kombe la Dunia la mwaka 2014 nchini Brazili, kamati ya nidhamu ya FIFA iliuchunguza na kuamua kwamba, katika muktadha ule, haukuwa tusi la kuadhibiwa. Baadaye msimamo ulibadilika. Shirikisho la Meksiko lilitozwa faini mara nyingi wakati wa mechi za kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2018, na kufikia mwaka 2021 FIFA ilikuwa imeamuru baadhi ya mechi za timu hiyo zichezwe bila watazamaji.

Ajabu ni kwamba mahakama ya Meksiko ilikuwa imeitangulia FIFA. Mnamo Machi 2013, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi iliyotokana na ugomvi wa waandishi wawili wa magazeti ya Puebla, ambapo mmoja alikuwa ametumia maneno ya kuwadharau wapenzi wa jinsia moja. Aliyetukanwa hakuwa ametukanwa kwa sababu ya mapenzi yake; maneno yale yalitumiwa kumwonyesha kuwa mwandishi dhaifu. Hata hivyo mahakama iliona kwamba maneno ya aina hiyo ni ya kibaguzi, na kwa kawaida hayastahili kinga ya uhuru wa kujieleza.

Je, ni nani aliyeisoma lugha vizuri zaidi, kamati ya mwaka 2014 au mahakama ya mwaka 2013? Ni kweli kwamba maana ya neno hukaa katika matumizi. Kiswahili chenyewe kinalishuhudia jambo hili. Neno shoga, katika Kiswahili cha pwani, ni jina ambalo mwanamke humwitia rafiki yake mpendwa wa kike. Neno hilo hilo likitamkwa kumhusu mwanamume huwa na maana nyingine, na mara nyingi huwa silaha. Herufi hazikubadilika. Kilichobadilika ni msemaji, msemewa na kilichokusudiwa baina yao. Watetezi wa ukelele wa Meksiko hudai kwamba mambo ni kama hayo: hakuna shabiki anayeamini kwamba mlinda lango ni mpenzi wa jinsia moja, neno limekuwa sitiari ya woga, basi.

Lakini uchambuzi wa sitiari ndio unaoiangusha hoja hii. Sitiari huhitaji pande mbili: kinachozungumziwa, ambacho hapa ni mlinda lango, na kinachofananishwa nacho. Ili sitiari ya dharau ieleweke, ni lazima hadhira yote iwe imekwisha kukubaliana kwamba kile kinachofananishwa nacho ni duni. Anayemwita mwenzake punda hutegemea dharau ambayo watu wote wanayo juu ya punda. Kwa hiyo, kadiri neno lisivyomlenga mlinda lango kwa maana yake halisi, ndivyo linavyomtegemea mtu mwingine awe kipimo cha unyonge. Utetezi kwamba ‘hatukumaanisha kwamba yeye ni mmoja wao’ ni ungamo kamili. Unamaanisha kwamba kuwa mmoja wao ndilo jambo baya kuliko yote ambalo mwimbaji aliweza kulifikiria. Na tofauti baina ya punda na binadamu ni kwamba punda hasikii. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

5.0 Mtu wa Tatu

Hapa ndipo utani na wimbo huu vinapoachana. Utani ni wa watu wawili. Wimbo wa kuwadhalilisha wapenzi wa jinsia moja una watu watatu: anayeimba, anayeimbiwa, na yule ambaye hadhi yake imetumiwa kama jiwe la kurushia. Baina ya wawili wa kwanza masharti ya utani yanaweza kutimizwa. Mashabiki wa Chelsea wameimbiwa kwa miongo kadhaa wimbo unaowaita vijana wanaouza miili yao kwa wanaume. Nao wanazo nyimbo zao za kujibu, wanawajua wanaowaimbia, na msimu ujao watakutana tena. Kwa sababu hiyo wengi huhisi kwa dhati kwamba ule ni utani. Hisia yao si ya uongo, ila hesabu yao ina kasoro. Wamehesabu wawili na kumsahau wa tatu, ambaye hakuingia katika mkataba wowote. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kisa cha Graeme Le Saux kinathibitisha kwamba mtu huyu wa tatu yupo hata pale asipoonekana. Le Saux, aliyeichezea Chelsea na timu ya taifa ya Uingereza, hakuwa mpenzi wa jinsia moja. Alikuwa na mke na watoto. Alishukiwa kwa sababu alisoma gazeti la Guardian na kuwa na mambo aliyoyapenda ambayo wenzake hawakuyazoea. Uvumi huo ulimfuata uwanjani kwa miaka mingi, na mnamo Februari 1999 mchezaji wa Liverpool, Robbie Fowler, alimdhihaki kwa ishara mbele ya umati. Mzaha ulimpata asiyehusika, na ukampata barabara. Tusi lisilohitaji ukweli wowote juu ya anayetukanwa haliwezi kuwa linamzungumzia yeye.

Upande wa pili wa jambo hilo ni Justin Fashanu. Mwaka 1981 alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa Uingereza kununuliwa kwa pauni milioni 1, aliposajiliwa na Nottingham Forest kutoka Norwich City. Mnamo Oktoba 1990 alitangaza hadharani kwamba alikuwa mpenzi wa jinsia moja. Alijiua London mnamo Mei 1998, akiwa na umri wa miaka 37, wakati akikabiliwa na tuhuma za jinai nchini Marekani ambazo alizikana. Haitakuwa haki kudai kwamba nyimbo za mashabiki ndizo zilizomwua. Lakini ni haki kutaja kilichofuata. Hadi Mei 2022, Jake Daniels wa Blackpool, kijana wa miaka 17, alipojitangaza, hapakuwa na mwanamume mwingine aliyejitangaza akiwa bado anacheza soka ya kulipwa nchini humo. Kimya hicho cha zaidi ya miaka 30 ni matini inayostahili kusomwa. Watu wa aina hiyo walikuwapo; wasichokuwa nacho ni nafasi ya kujibu. Na penye wimbo usiojibika hapana malumbano, pana hukumu.

Inafaa, kwa ajili ya uadilifu wa hoja, kuutazama mfano unaoelekea kuipinga. Mashabiki wa Brighton hukejeliwa kwa nyimbo za aina hii kwa kuwa mji wao unajulikana kuwa na wakazi wengi wapenzi wa jinsia moja. Baadhi yao wamewahi kujibu kwa wimbo unaowaambia wapinzani kwamba kwa sura walizo nazo hata wakitaka hawatapata wa kuwapenda. Jibu hilo ni la utani hasa. Linaondoa aibu pale ilipowekwa na kurudisha kicheko kwa aliyekianzisha. Je, halionyeshi kwamba mtu wa tatu naye anaweza kuwa mtani? Linaonyesha kwamba anaweza, akiwa na umati nyuma yake na akitaka mwenyewe. Lakini mwaka 2013 mashabiki hao hao, kwa ushirikiano na chama cha mashabiki wapenzi wa jinsia moja, waliwasilisha kwa Chama cha Soka cha Uingereza ushahidi wa matusi waliyokuwa wakitupiwa mechi baada ya mechi. Anayejibu kwa ucheshi hajatoa idhini. Huenda ameamua tu kutolia mbele ya adui.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni la kimaadili, nalo ndilo litakalomjia upesi msomaji wa Kenya. Mnamo Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kubatilisha vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na wengi katika jamii huyaona mapenzi hayo kuwa makosa kwa misingi ya dini na mila. Ikiwa ni hivyo, itaulizwa, kuna ubaya gani kuyakemea kwa wimbo?

Jibu halihitaji kwanza kuumaliza mjadala juu ya mapenzi hayo. Linahitaji kutofautisha kukemea na kudhihaki. Anayekemea huwa na mtu anayemjua, humweleza kosa analoliona, na humtakia mabadiliko. Wimbo wa uwanjani hauna hata moja kati ya hayo. Huimbwa mshambuliaji anapokosa penalti au mlinda lango anapoweka mpira chini; huanza na filimbi ya kwanza na kukoma na ya mwisho. Hakuna mwadhi wa msikiti wala mhubiri wa kanisa ambaye angeutambua kuwa nasaha. Zaidi ya hayo, maadili ya Waswahili, ambayo hayakuwa legelege, yameithamini sana sitara: kumsitiri mtu, hata mkosaji, asianikwe mbele za watu. Mwenye msimamo mkali kabisa juu ya tendo bado hapati humo ruhusa ya kuufanya utu wa mwenzake kuwa kibwagizo.

Pingamizi la pili linahusu sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 juu ya makosa ya kandanda ilikataza nyimbo za ubaguzi wa rangi na zenye maneno machafu, bila kuyataja mapenzi ya jinsia moja. Ilikuwa mpaka Januari 2022 ndipo ofisi ya mashtaka ya Uingereza na Wales ilipotambua kwamba wimbo wanaoimbiwa Chelsea ni tusi la chuki linaloweza kushtakiwa. Na mwaka 2023 klabu ya Wolverhampton Wanderers ilitozwa faini ya pauni 100,000 kwa sababu ya wimbo huo. Wapo wanaosema kwamba adhabu kama hizi huua uhai wa uwanja na kuufanya umati uimbe kwa ukaidi zaidi.

Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Baada ya miaka ya faini, ukelele wa Meksiko bado ulisikika mnamo Juni 2023 huko Las Vegas, hata mwamuzi akaikatiza mechi dhidi ya Marekani kabla ya muda kwisha. Sheria huyaona maneno, haiuoni uhusiano. Inaweza kumnyamazisha mwimbaji bila kumfahamisha ni nani aliyekuwa akimwimba. Lakini udhaifu wa adhabu si uthibitisho kwamba tendo ni halali. Unathibitisha tu kwamba mpaka wa utani haulindwi vyema na askari aliye nje ya utani. Daima umelindwa na watani wenyewe, ambao hujua ni neno gani likitamkwa msibani mzaha utakuwa umekwisha. Wazee walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Walikuwa wakisema na watani, si na mahakimu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba anayejitetea kwa neno utani hujifunga kwa masharti yake: kumjua anayetaniwa, kumwachia nafasi ya kujibu, na kuwa tayari kumsaidia siku ya dhiki. Nyimbo zinazowadhalilisha wapenzi wa jinsia moja huyatimiza masharti hayo, ikiwa huyatimiza, kwa wale tu ambao si wao wanaoumizwa. Kwa mtu wa tatu hazitimizi hata moja.

Limebaki jambo moja ambalo waimbaji hawana budi kulitafakari. Huchukuliwa kwamba mtu huyo wa tatu yuko mbali, au yuko upande wa pili wa uwanja. Hesabu ya kawaida ya binadamu haikubali hivyo. Katika umati wa watu elfu thelathini waliovaa fulana za rangi moja, wamo wanaojijua kuwa wao ndio wanaoimbwa. Mmoja wao ameketi safu hii hii. Alikuja na kaka yake, ameipenda timu hii tangu utotoni, na wimbo unapoanza naye huuimba kwa sauti kubwa kuliko wote, ili asitambuliwe. Anayetaka kujua kama wimbo wake ni utani na ajiulize kama angeuimba akimtazama mtu huyo usoni, na kama, siku atakapofiwa, angeweza kwenda kwake kama mtani.